Takataka za Nani?

Mtu akikuambia kompyuta ya nyumbani kwao imekuwa nzito, ngoja umsikilize neno la pili. Karibu kila mara atasema, "Imejaa." Halafu linafuata ombi: "Hebu nipunguzie vitu humo ndani." Anaongea kana kwamba anazungumzia stoo yenye magunia matupu na baiskeli isiyo na mnyororo. Vitu gani? Hasemi. Vyovyote. Wewe kijana ndiye unayejua mambo ya kompyuta, basi wewe ndiye hakimu, na hukumu inatakiwa kabla ya chai ya jioni.

Kazi hii ya bure nimewafanyia ndugu, majirani, na marafiki wa majirani kwa miaka kadhaa, na malipo yangu ya kawaida ni soda. Silalamiki. Ila imenifanya niliogope kidogo hili neno "takataka". Linajifanya linaeleza kitu, kumbe linaeleza uamuzi wa mtu. Ganda la ndizi ni takataka kwa sababu wewe umemaliza nalo. Kwa mbuzi wa jirani ndiyo kwanza chakula kimeiva. Sasa ndani ya kompyuta iliyotumiwa na nyumba nzima kwa miaka kumi, nani ameshamaliza na nini? Na je, hivyo tunavyovifuta ndivyo vinavyoifanya mashine itambae?

Tuanze na swali hili la mwisho, maana lina jibu, na jibu ni kwamba mara nyingi sivyo.

Chukua barua ya kurasa mbili iliyopigwa chapa kwenye kompyuta. Tuseme ina kilobaiti 40. Ukitaka kujaza gigabaiti moja tu kwa barua za namna hiyo utahitaji kama 25,000. Diski ngumu ya kompyuta ya mezani ya mwaka 2012 au 2013 mara nyingi ina gigabaiti 500. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna mwalimu, karani, wala mshairi katika nchi hii ambaye barua zake zimewahi kuisimamisha kompyuta. Picha na video, sawa, hizo zina uzito, na ni kweli kwamba diski ikikaribia kujaa kabisa mashine inakosa pa kuweka vitu vyake vya muda na inaanza kuhema. Lakini kwa kawaida si ya kwanza kulaumiwa.

Wa kulaumiwa ni akina nani? Wa kwanza ni programu zinazojiamsha zenyewe kila unapowasha. Kila unachokiingiza kwenye kompyuta kinaomba ruhusa ya kuamka na jogoo, na sisi tunabonyeza "ndiyo" bila kusoma. Printa iliyoharibika mwaka 2016 bado ina kijana wake anayeamka kila asubuhi kuisubiri. Ukitumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta sehemu ya programu zinazoanza na mashine, utaona msururu kama foleni ya daladala Mbagala. Unazizuia moja moja, na hujafuta kitu cha mtu hata kimoja.

Wa pili ni uhaba wa kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile mafundi wanayoiita ramu. Gigabaiti nne zilikuwa fahari wakati fulani. Leo kivinjari cha intaneti kikifunguliwa kurasa kumi zinakwisha, na mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski. Hapo ndipo penye balaa, maana diski za zamani ni sahani zinazozunguka, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijimkono kinakimbia huku na huku kutafuta vipande vya faili vilivyotawanyika. Ukiisikia inakwaruza usiku ndiyo hiyo inahangaika. Kuibadilisha hiyo diski kwa SSD, ambayo haina sahani wala mkono, kunaleta nafuu kuliko usafi mwingine wowote niliowahi kuufanya.

Halafu kuna vumbi. Vumbi lenyewe, la barabarani! Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Ni busara ya mashine, sisi tunaiita uvivu. Chomoa umeme, fungua kava kwa bisibisi, shika mapanga ya feni yasizunguke, pitisha brashi laini ya rangi, puliza. Nimetoa humo manyoya, mende mkavu, na siku moja karata ya jembe.

Sasa tazama tulipofika, ndugu msomaji. Vitu vinavyolemea ni vile ambavyo hakuna mtu aliyevileta kwa kupenda: vijiprogramu vya kampuni, joto, vumbi, umri wa chuma. Na vitu tunavyokimbilia kuvifuta ni vile ambavyo mtu alikaa akaviandika kwa mkono wake. Tunawafukuza wapangaji waliolipa kodi na kuwaacha waliovamia. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu kitu cha mtu kina jina tunaloweza kulisoma, kwa hiyo tunaweza kukihukumu. Programu yenye jina la herufi na namba inatutisha, tunaiacha ilivyo, isije ikaharibika kitu. Wanyonge ndio wanaosomeka. Sijui kama hili linaishia kwenye kompyuta tu.

Na hata hilo neno "imezeeka" tunalibandika pasipo haki. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal na aliyefariki siku ya kwanza ya 2024, aliandika makala ya kulalamika kwamba programu zinanenepa na kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyopata kasi. Miaka mingi baadaye malalamiko yake yangali na afya njema. Kompyuta iliyoandika barua vizuri mwaka 2013 bado inaweza kuandika barua ile ile kwa mwendo ule ule. Kilichobadilika ni mzigo tuliomtwisha huyu punda, halafu tunamtukana kuwa mzee. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Hazijaharibika. Zimestaafishwa kwa waraka. Baadhi yake unaweza kuziwekea Linux zikaendelea na maisha, lakini nyingi zitaishia jalalani: kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme mwaka 2022, na ni chini ya robo yake iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Haya, tuseme umeshazima wavamizi, umepuliza vumbi, na bado mwenye nyumba anasisitiza: futa. Kufuta ni kufanya nini hasa?

Kiswahili chetu kina ukarimu kwenye kitenzi hiki. Tunafuta vumbi, tunafuta machozi, tunafuta ubao, tunafuta mashtaka, tunafuta deni. Ukiangalia vizuri hivi si kitendo kimoja. Anayefuta machozi hafuti msiba. Anayefuta mashtaka hasemi kwamba jambo halikutokea, anasema tu kwamba halitafuatwa tena. Kompyuta yenye diski ya sahani inafuta kwa namna hii ya mahakama. Ukitupa faili kwenye pipa na kulimwaga pipa, mashine inachofanya ni kufuta anwani katika daftari lake na kuandika kwamba kiwanja kile sasa ni wazi. Nyumba bado imesimama. Itakaa mpaka siku faili nyingine ijengwe juu yake, iwe kesho, iwe baada ya miaka mitatu. (SSD zina tabia tofauti, zenyewe huambiwa ni wapi pamefutwa, na hupasafisha kweli baada ya muda.)

Watu wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha utafiti mwaka 2003 baada ya kununua diski zilizotumika 158. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12. Nyingine zilikuwa na barua za watu, mambo ya hospitali, namba za kadi za benki. Nani anashangaa? Sisi tunaonunua kompyuta za mtumba Kariakoo tunalijua hili bila kufanya utafiti. Unanunua mashine iliyotoka Ulaya, unaiwasha, inakusalimu kwa jina la mwanamke usiyemfahamu. Picha za mbwa wake zipo. Maombi yake ya kazi yapo. Aliambiwa, labda na kijana kama mimi, kwamba kila kitu kimefutwa.

Katika hali hiyo wajibu hauna utata, nadhani. Huyo mwanamke hakukupa vitu vyake. Alikuuzia chuma. Usome? Usisome. Andikia juu yake mpaka ipotee kweli, na uendelee na shughuli zako. Mgumu ni mtu uliyemjua.

Baba yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa historia. Alifariki 2022, akaacha nyumba Magomeni, vitabu, na kompyuta ya mezani iliyohitaji dakika sita kuamka. Mama mkubwa aliniita mwaka jana. Mjukuu wake ameingia chuo, anahitaji mashine. "Mwanangu, toa yale mazagazaga ya baba yako, mtoto apate kusoma." Nikaenda na bisibisi yangu na SSD mpya ambayo ukoo ulikuwa umeichangia.

Folda moja iliitwa MENGINEYO. Humo mlikuwa na mitihani ya kidato cha pili, hotuba ya harusi, orodha za michango ya misiba, na faili saba zenye jina moja la mwanawe mkubwa, kuanzia moja hadi saba. Nilifungua ya kwanza ili nijue ni kitu gani. Ilikuwa barua. Nilisoma salamu na mstari mmoja, nikaifunga. Hawa wawili hawakusemezana miaka sita. Kila mtu katika ukoo anajua, na sababu tunayo kwa matoleo manne tofauti. Barua hazikutumwa. Hilo pia kila mtu anajua, maana kijana alikuja mazishini akiwa mkavu kama jiwe.

Hapa sisi tunaojifunza kuandika tuna kesi mashuhuri ya kurejea. Franz Kafka alimwachia rafiki yake Max Brod maagizo kwamba maandiko yake yachomwe moto bila kusomwa. Kafka akafa 1924. Mwaka uliofuata Brod akachapisha riwaya iliyobaki bila kumalizika, akafuatisha nyingine. Wengi wetu tunamshukuru Brod na kusonga mbele, kama vile mafanikio ya kitabu yanafuta kosa la kuvunja ahadi. Brod mwenyewe alijitetea kwamba hakuwahi kuahidi. Alidai alishamwambia Kafka waziwazi kuwa hatafanya hivyo. Utetezi mzuri. Lakini baba mkubwa hakuwa Kafka, na hakuacha agizo lolote. Alifanya mambo matatu tu: aliandika, alihifadhi, hakutuma. Ukimtii katika la kwanza na la pili, barua ziende. Ukimtii katika la tatu, zikae. Vitendo vyenyewe vinagombana.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa hadithi fupi, alinijibu bila kupepesa macho: futa. Hoja yake ina nguvu, na niiseme kwa haki. Rasimu si neno la mtu. Katika rasimu tunatukana, tunalia, tunajaribu sura hii na ile. Ndiyo maana haijatumwa. Rasimu saba ni baba saba, aliniambia, na huyo kijana atabaki maisha yake yote akichagua aliyekuwa wa kweli. Angekuwa ni mimi nimekufa, nisingependa mtu aone shairi langu katika hali ya chupi.

Nilimsikia. Lakini hoja yake inahusu sanaa kuliko inavyohusu barua. Shairi bovu linamdhalilisha mtunzi na basi. Barua ina mtu wa upande wa pili, na huyo naye ana dai lake. Mtu aliyejaribu mara saba kukuandikia amekuambia kitu hata kama hujasoma neno moja: kwamba alijaribu mara saba. Hilo nalo lilikuwa karibu kufutwa kwa ajili ya kilobaiti mia tatu za nafasi, ili mashine iwe nyepesi, wakati haikuwa inalemewa nazo hata chembe.

Hata hivyo jambo ambalo nilikuwa na hakika nalo ni dogo zaidi ya hayo yote: halikuwa langu. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini inasema na wakusanyaji na wachakataji. Haikumwandikia mtoto wa mdogo wa marehemu aliyekaa sebuleni na bisibisi. Mwenye bisibisi ana funguo bila kuwa na haki. Anaweza kufuta na anaweza kutangaza, na vyote viwili ni wizi wa uamuzi wa mtu mwingine. Basi nikamwita mama mkubwa, nikamweleza kilichopo bila kumsomea.

Alikaa kimya kidogo. Akasema hataki kuziona. "Angetaka nizijue angeniambia, tumelala kitanda kimoja miaka arobaini." Kisha akasema zake mpelekee mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba marehemu hakuzituma. Akanitazama kama ninavyotazamwa na watu wazima ninapozungumza kama kitabu. "Alikuwa hajamaliza, mwanangu. Kufa kumemkata, hakukata yeye."

Nimekuwa nikiipima kauli hiyo na ya rafiki yangu, na sioni namna ya kuzipatanisha. Mmoja anaona ukimya kama uamuzi, mwingine anauona kama kazi iliyokatizwa. Mimi nilimfuata mama mkubwa, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba na ndiye aliyemjua. Faili saba zikaingia kwenye flashi, flashi ikaingia kwenye bahasha, nikamwambia binamu yangu kilichomo na kwamba ni rasimu. Akaipokea. Sijamuuliza.

Kuna watakaosema, mbona unajisumbua, siku hizi nafasi ni rahisi, hifadhi kila kitu na usifute kamwe. Siafiki. Kuhifadhi kila kitu bila kukiangalia ni jina jingine la kutokujali. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, hayakutufikia kwa kuwa kulikuwa na ghala kubwa. Yalitufikia kwa kuwa yalikaa vinywani mwa watu, na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akajitaabisha kuyakusanya na kuyafafanua pamoja na W. E. Taylor, mpaka Hichens akayatoa kitabu mwaka 1940. Mtu alichagua kuyabeba. Diski ya terabaiti mbili haichagui chochote, inameza tu, na baada ya miaka ishirini hakuna atakayekuwa na moyo wa kufungua folda elfu kumi kutafuta iliyo na maana.

Na kuna vitu vinavyostahili kufutwa. Mama mkubwa mwenyewe alinionyesha. Nilipomtajia faili nyingine za MENGINEYO aliitikia kila moja, weka, weka, hiyo weka. Nikafika kwenye orodha moja ya majina na kiasi cha fedha, watu wa mtaani waliowahi kumkopa mwalimu tangu 2009, wengine elfu tano, mmoja laki tatu, na tarehe walizoahidi kulipa. Wawili kati yao walikuwa wamekuja kumsaidia kuchota maji asubuhi ile ile.

"Hiyo futa," akasema.

Nikaifuta. Akauliza kama imetoka kabisa, mjukuu asije akaiokota akaanza kuwadai watu. Nikamweleza habari ya anwani na nyumba, kwamba kwenye diski hii ya zamani bado ipo mpaka iandikiwe juu.

"Basi iandikie," akasema, akaenda kuweka maji ya chai.

Nikaiandikia sufuri, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho.